Msasa, diski na namba ya chembe: istilahi za kuchonga na kung'arisha vito

Msasa (nomino, ngeli ya U-I, wingi: misasa) ni neno linalotumiwa na seremala, mpiga rangi wa magari na mchonga vito, kila mmoja kwa maana inayotofautiana kidogo na ya mwenzake. Seremala humaanisha karatasi ya kusugulia mbao. Mpiga rangi humaanisha hasa msasa wa maji, yaani karatasi isiyochanika inapoloweshwa. Mchonga vito hulitumia neno hilohilo kwa diski inayozunguka, kwa unga unaopakwa juu ya diski, na wakati mwingine kwa hatua nzima ya kazi. Kwenye ubao utata huu hauleti hasara kubwa: palipokwaruzwa kupita kiasi hupigwa randa, kazi ikaanza upya. Kito hakina nafasi hiyo. Kilichosagwa kimekwisha kuwa tope, na bei ya kito huhesabiwa kwa karati, ambayo ni gramu 0.2 tu.

Makala haya yanafafanua maneno anayoyahitaji mfasiri, mwalimu au mwanafunzi anapoandika maelekezo ya kuchagua diski na chembe za kuchongea vito, na yanapendekeza matumizi pale ambapo kamusi za kawaida hazijafika.

Kutoka Ifakara hadi Mahenge

Ifakara hujulikana kwa mchele na mbao kuliko kwa vito. Hata hivyo, mji huo ni lango la mojawapo ya maeneo mashuhuri ya vito duniani. Msafiri akitoka Ifakara kuelekea kusini huvuka Mto Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lililozinduliwa mwaka 2018 na kuondoa utegemezi wa kivuko, hupita Lupiro, kisha hupanda milima ya Mahenge wilayani Ulanga. Katika marumaru ya milima hiyo hupatikana yakuti nyekundu na spineli. Mwaka 2007, huko Ipanko karibu na mji wa Mahenge, zilichimbuliwa fuwele kubwa mno za spineli, mojawapo ikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 50. Tangu hapo jina "Mahenge" limekuwa, katika biashara ya vito, karibu sawa na jina la rangi: waridi iliyokolea inayoelekea wekundu.

Vito hivyo kwa wingi vilichongwa ng'ambo, hasa Bangkok, na jambo hilo limeacha alama katika lugha. Kiswahili cha wachimbaji kina msamiati mpana wa kuchimba, kuchekecha, kuosha na kuuza. Shimo, kifusi, mzigo na dalali ni maneno ya kila siku. Msamiati wa kusaga na kung'arisha umebaki finyu kwa sababu kazi yenyewe ilifanyika kwa lugha nyingine. Hali hiyo inabadilika. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2017 inasisitiza uongezaji thamani ndani ya nchi. Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha hufundisha uchongaji wa vito. Na masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 yanawakutanisha wachimbaji na wanunuzi. Anayenunua mashine ndogo ya kuchongea hupata pamoja nayo kijitabu kisicho cha Kiswahili na diski zilizoandikwa namba tu. Anayemfasiria kijitabu hicho ndiye anayeamua, pengine bila kujua, ni kiasi gani cha jiwe kitakachobaki.

Vitenzi vya kazi

Kosa linaloonekana zaidi katika tafsiri za aina hii ni kutumia kitenzi kimoja, kusugua, kwa kila hatua. Kusugua hutaja mwendo wa mkono, hakitaji matokeo. Mtu husugua sufuria, husugua mgongo, husugua macho. Hakuna kinachomwambia msomaji kama baada ya kusugua jiwe litakuwa limepungua, limelainika au limeng'aa. Katika maelekezo ya vito hatua hizi tatu ni tofauti, na kila moja ina diski yake.

Kuchonga ni kutoa umbo. Ni kitenzi cha mchonga mpingo, na katika Bonde la Kilombero ni kitenzi cha mchonga mtumbwi, ambaye hutoa chombo kizima katika gogo moja kwa kuondoa kila kisicho mtumbwi. Kinafaa sana kwa vito kwa sababu kinabeba wazo hilohilo: umbo hupatikana kwa kupunguza. Kusaga, kwa upande wake, hutaja namna umbo linavyopatikana, yaani kwa kulifanya jiwe kuwa unga. Vitenzi hivi viwili havigombani. Mtu huchonga kito kwa kusaga, kama vile seremala achongavyo mguu wa kiti kwa tezo. Kukata ni bora kuachwa kwa kazi ya msumeno, ingawa ukataji vito umekwisha kuzoeleka kama jina la fani nzima, na hakuna haja ya kupambana nao katika majina ya kozi na vyeti.

Kulainisha hutokana na kivumishi laini, nacho hutaja hatua ya kufuta mikwaruzo iliyoachwa na diski iliyotangulia. Kung'arisha hutokana na ng'ara, na hutaja hatua ya mwisho, ambapo uso wa kito hurudisha mwanga kama kioo. Tofauti baina ya viwili hivi haina budi kulindwa. Kokoto ya mtoni ni laini kabisa mkononi, lakini ikikauka haing'ari. Mfasiri anayeandika "ng'arisha kwa namba 600" anamwagiza msomaji afanye jambo lisilowezekana: katika namba hiyo kito hulainika, kikabaki na ukungu. Msomaji asiyejua ataendelea kukandamiza jiwe kwenye diski akisubiri mng'ao usiokuja, huku uzito ukiondoka.

Kuna vitenzi viwili jirani vinavyofaa kuwekwa mbali. Kukatua ni kung'arisha vitu vya madini kama shaba na fedha. Ni kitenzi kizuri cha zamani, na mahali pake ni kwenye pete inayokishika kito, si kwenye kito. Kunoa ni cha makali ya kisu na jembe. Chombo chake ni kinoo au cherehe, neno lililotokana na charkh la Kiajemi lenye maana ya gurudumu, ambalo ndilo asili ya cherehani. Kwa umbo lake, mashine ya kuchongea vito ni cherehe hasa: jiwe au diski inayozunguka ili kusaga kinachogusishwa. Inasikitisha kidogo kwamba neno hilo fupi limeshikwa kabisa na wanoa visu, kwa hiyo mashine ya kuchongea vito ndilo jina lisilopoteza mtu.

Majina ya diski yaundwe kwa kauli ya kutendea, kwa kuwa kauli hiyo ndiyo itajayo kifaa katika Kiswahili: diski ya kusagia, diski ya kulainishia, diski ya kung'arishia. "Diski ya kusaga" husomeka kana kwamba diski yenyewe ndiyo inayokwenda kusagwa. Kiambishi hicho kimoja kinatenganisha chombo na kitendewa, na kiachwe pale tu ambapo utata huo hauwezi kutokea.

Chembe, chenga au punje?

Uso wa msasa wowote umejaa vipande vidogo vya kitu kigumu. Vipande hivyo viitweje? Changarawe ni kubwa mno na hukumbusha barabara. Punje ni mbegu nzima ya nafaka. Chenga ni neno lenye mvuto, hasa kwa msomaji wa Ifakara, anayejua mchele wa daraja la kwanza na mchele wa chenga ukiuzwa bega kwa bega kwenye mashine za kukoboa. Lakini chenga ni kilichovunjika na kutengwa. Ndani yake mna hukumu ya udhaifu. Chembe za diski hazikuvunjika kwa bahati mbaya. Zimesagwa makusudi, zikapangwa kwa ukubwa. Kwa sababu hiyo chembe ndilo neno linalopendekezwa, na kipimo chake kiitwe namba ya chembe. Chenga lihifadhiwe kwa vipande vinavyoruka kutoka kwenye kito chenyewe, mahali ambapo maana yake ya hasara inafaa kabisa: "Ukingo umetoka chenga."

Namba huenda kinyume

Asili ya namba ya chembe ni chekecheke. Unga wa kusagia ulichekechwa kwa nyavu zenye matundu ya ukubwa tofauti, na namba ilitaja idadi ya matundu katika urefu wa inchi moja. Matundu 80 katika inchi ni makubwa na hupitisha chembe kubwa. Matundu 220 ni madogo na hupitisha ndogo. Kwa hiyo namba ikiongezeka, chembe inapungua. Msomaji aliyewahi kushika chekecheke la unga huielewa kanuni hii mara moja akielezwa chanzo chake, lakini asipoelezwa huona namba zinazokwenda kinyume na akili. Chembe ndogo sana hazichekechwi tena. Hupangwa kwa kasi ya kuzama kwake majini, ila desturi ya namba imebaki.

Hapa ndipo vivumishi vya kawaida vinapoharibu maelekezo. Fungu la maneno "msasa mkubwa" linaweza kumaanisha karatasi pana, namba kubwa au chembe kubwa, na maana mbili za mwisho ni kinyume kabisa. "Shuka hadi msasa mdogo" ni baya zaidi, kwani hata mwelekeo haujulikani. Mafundi wenyewe husema msasa mkali kwa chembe kubwa na msasa laini kwa chembe ndogo, na matumizi hayo ni salama kwa mazungumzo ya karakana. Katika maandishi, namba itajwe, na pale inapotajwa mara ya kwanza ifuatwe na maelezo ya chembe: "namba 260 (chembe kubwa)". Kwa mfuatano wa hatua, kupanda namba kunaeleweka kwa wote: mtu anapanda kutoka 260 kwenda 600, na kila anapopanda mikwaruzo inazidi kuwa midogo.

Jambo jingine linalopotea katika tafsiri ni herufi P. Misasa ya mfumo wa Ulaya huandikwa P mbele ya namba, na mfumo wa zamani wa Marekani hauna herufi hiyo. Katika namba ndogo mifumo hii inakaribiana, lakini katika namba kubwa inaachana sana. Chembe za P1200 zina wastani wa mikroni 15 hivi, yaani elfu kumi na tano za milimita ukigawanya milimita katika sehemu milioni moja. Chembe za 600 ya Kimarekani zina mikroni 16 hivi. Kwa maneno mengine, P1200 na 600 ni karibu msasa mmoja. Mfasiri anayeiondoa P kwa kuidhani pambo amemruka msomaji hatua nzima au amemrudisha nyuma. Herufi hiyo isifasiriwe wala kuondolewa.

Unga wa almasi wa kung'arishia una namba kubwa zaidi: 8000 ni mikroni 3 hivi, 50,000 ni nusu mikroni, 100,000 ni robo. Katika kiwango hiki ni vyema kuandika mikroni pamoja na namba, kwa sababu watengenezaji hawakubaliani kikamilifu kuhusu namba, ilhali mikroni ni mikroni.

Kwanza jiwe, kisha diski

Uteuzi wa diski huanza na ugumu wa jiwe. Katika isimu ya fani hii ugumu una maana finyu: uwezo wa kustahimili mkwaruzo, unaopimwa kwa skeli ya Friedrich Mohs ya mwaka 1812. Kwazi ina 7, topazi 8, yakuti 9, almasi 10. Ugumu usichanganywe na uimara, yaani uwezo wa kustahimili pigo. Almasi ni ngumu kuliko vyote lakini hupasuka kwa nyundo. Tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7, na zaidi ya hayo hupasuka kirahisi kufuata mwelekeo mmoja na haipendi joto la ghafla. Maelekezo yanayosema tu kwamba ni "jiwe laini" yameeleza nusu ya hatari. Na skeli hii haina hatua zilizo sawa: kutoka 9 hadi 10 ni mruko mkubwa kuliko wowote uliotangulia.

Kanuni ya msingi ni kwamba chembe iwe ngumu kuliko jiwe. Baadhi ya misasa ya mbao hutengenezwa kwa chembe za garneti. Ni kweli: kito kinachochimbwa katika sehemu nyingi za Tanzania ndicho hicho kilichosagwa kikabandikwa kwenye karatasi ya seremala. Garneti haiwezi kufanya lolote la maana juu ya spineli yenye ugumu wa 8. Msasa wa maji wa kabidi ya silikoni, ambayo ina ugumu wa zaidi ya 9, unafaa kwa akiki na kwazi, unachelewa kwa spineli, na kwa yakuti karibu haufanyi kazi. Kwa yakuti hakuna njia isipokuwa almasi kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Spineli nayo husagwa vizuri kwa almasi, ila inaweza kumaliziwa kwa unga laini wa oksidi ya alumini.

Kwa msingi huo jina la jiwe si suala la urembo wa lugha. Yakuti, neno lililotoka katika Kiarabu, limetumika kihistoria kwa mawe mekundu kwa jumla, na hata lugha za Ulaya ziliichanganya spineli na yakuti kwa karne nyingi: jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza liliitwa yakuti, nalo ni spineli. Katika Mahenge mawe yote mawili hutoka katika milima ileile, pengine katika ndoo ileile. Katika ushairi yakuti iendelee kuwa nyekundu yoyote. Katika lebo ya mzigo na katika maelekezo ya mashine, spineli iandikwe spineli. Mwenye spineli aliyeandikiwa "yakuti" atatumia nguvu na diski za jiwe gumu zaidi, na atapoteza karati alizoweza kuziuza.

Mfano unaofundisha zaidi kuhusu ugumu hautoki Mahenge bali Longido, katika Mkoa wa Arusha. Huko hupatikana anyolaiti, jiwe la kijani lenye madoa makubwa ya yakuti. Jina lake linatokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Sehemu ya kijani ni zoisaiti yenye ugumu wa kati ya 6 na 7, na madoa yana 9. Ukilainisha jiwe hili kwa msasa wa kabidi ya silikoni, kijani hulika na nyekundu hubaki imesimama kama visiki shambani. Mwalimu anayetafuta namna ya kueleza kwa nini aina ya chembe ni muhimu sawa na namba yake hatapata mfano ulio bora kuliko huu.

Diski ngumu na diski nyumbufu

Baada ya aina na ukubwa wa chembe huja mgongo wa diski. Kito chenye nyuso bapa, ambazo kila moja huitwa uso, huhitaji diski ngumu ya chuma iliyonyooka. Ikitumika diski yenye mpira au sponji nyuma yake, uso hubonyea ndani ya diski, na kingo ambazo zingekutana kwa ukali huviringika. Kaboshoni, yaani kito chenye mgongo wa kuba na chini bapa, huhitaji kinyume chake: diski nyumbufu inayofuata mviringo. Diski ngumu itaacha juu ya kuba vibapa vidogo visivyoonekana hadi hatua ya kung'arisha, navyo vikionekana wakati huo ni kurudi mwanzo. Nyumbufu ndilo neno linalotakiwa hapa. "Diski laini" halifai, kwa sababu laini limekwisha kutumika kwa chembe ndogo, na diski nyumbufu yaweza kuwa na chembe kubwa.

Diski za chuma nazo ni za namna mbili. Nyingine zimepakwa tabaka moja la almasi juu, nyingine zina almasi iliyochanganywa na chuma kwa kina. Za kwanza ni nafuu, na zikiwa mpya husaga kwa ukali kuliko namba yake inavyodai, hadi chembe zilizochomoza zipungue. Maelekezo mazuri hulitaja hilo, kwani diski mpya ya 1200 inaweza kuacha mikwaruzo ya kushangaza.

Maji na vumbi

Vitabu vingi huandika neno moja tu: "maji". Tafsiri ieleze kazi yake. Maji hupoza jiwe, huondoa tope la kusagia, na hulaza vumbi. La mwisho ndilo zito kuliko yote. Vumbi la kwazi na mawe mengine yenye silika likivutwa kwa muda mrefu huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona. "Tumia maji ikiwezekana" ni tafsiri ya kizembe ya onyo lisilo na masharti, kiandikwe "Usisage jiwe likiwa kavu." Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo, na neno barakoa likitumika litajwe kuwa ni ya kuchujia vumbi laini.

Mfano wa maelekezo

Tafsiri ifuatayo ni ya aina inayokutwa mara kwa mara: "Sugua jiwe na msasa mkubwa, shuka mpaka msasa mdogo, halafu sugua tena mpaka ling'ae." Kila kitenzi na kila kivumishi ndani yake kina maana zaidi ya moja. Kwa spineli ya wastani ya Mahenge, maelekezo hayo yangeweza kuandikwa hivi:

"Chonga umbo la awali kwa diski ya kusagia ya almasi, namba 260 (chembe kubwa), ukitiririsha maji muda wote. Ikiwa jiwe ni dogo, anza moja kwa moja na namba 600. Osha jiwe, kijiti cha kulishikia na mikono. Lainisha kwa namba 600, kisha 1200, kisha 3000. Katika kila namba geuza mwelekeo wa jiwe, ili mikwaruzo ya namba iliyotangulia ionekane ikikatiza mipya. Usipande kabla haijaisha yote. Kagua kwa lenzi inayokuza mara 10. Ng'arisha kwa unga wa almasi wa 50,000 (nusu mikroni) juu ya diski ya kung'arishia iliyotengwa kwa unga huo pekee."

Sentensi ya kuosha huonekana kama ya usafi tu, na wafasiri wenye haraka huiacha. Chembe ya namba 260 ina mikroni 60 hivi. Ikibaki chini ya ukucha na kuangukia diski ya nusu mikroni, ni kubwa kuliko jirani zake zaidi ya mara mia moja, nayo itachora mstari mmoja mrefu juu ya kito kilichokuwa tayari. Agizo la kuanza na 600 kwa jiwe dogo nalo lina hesabu yake: chembe kubwa huacha nyufa ndogo zilizozama chini ya mikwaruzo inayoonekana, na kuziondoa ni kuondoa jiwe. Jiwe la karati moja halina akiba ya kulipia nyufa hizo.

Msasa nje ya karakana

Asili ya neno ni mti. Msasa ni Ficus exasperata, mti wa jamii ya mkuyu wenye majani yanayokwaruza kiasi cha kutumika kusugulia mbao na vyombo tangu kabla ya karatasi za viwandani kuwasili. Mfasiri wa maandishi kuhusu Zimbabwe awe macho: katika Kiingereza cha huko, msasa ni mti mwingine kabisa, Brachystegia spiciformis, wa jamii ya miombo, nao haukwaruzi kitu.

Piga msasa kwa maana ya kisitiari ni kunoa ujuzi wa mtu kwa mafunzo mafupi, na vyombo vya habari vya Tanzania vinaipenda sana maana hiyo: makatibu hupigwa msasa, waamuzi wa mpira hupigwa msasa. Maana hiyo ni halali na imekomaa. Tatizo hujitokeza pale tu inapokutana na fani yenyewe. Kichwa cha habari "Wachonga vito wa Ulanga wapigwa msasa" kinaeleweka, ingawa msomaji hutabasamu. "Vito vya wanafunzi vyapigwa msasa Arusha" kinaacha shaka kama vito vimesagwa au vimeshindanishwa. Katika maandishi ya vito, mafunzo yaitwe mafunzo, na piga msasa ibaki kwa kazi ya diski na karatasi, ikiambatana na namba.